Uponyaji hauogopi kipimo



Ukiombewa presha, usitupe vidonge vyako. Wale wakoma kumi wa Luka 17, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, maana kuhani ndiye aliyekagua na kutangaza kwamba mtu ametakasika. Muujiza wenyewe ulipelekwa kukaguliwa! Wewe nawe nenda kliniki ukapimwe.

Lakini sikia: presha ikishuka huku unameza amlodipini kila siku, huenda ni kidonge kinachofanya kazi. Ukikiacha, itapanda tena kimyakimya, hata kichwa kisiume, mpaka kiharusi kikuangushe. Wa kupunguza dozi ni daktari, si mimi mchungaji wako, wala si jirani.

Umefunga? Amlodipini humezwa hata bila chakula, na funda la maji halitamfanya Mungu akatae maombi yako. Kama una dawa nyingine au kisukari, muulize daktari kabla ya mfungo. Ukisahau dozi, usimeze mbili pamoja. Miguu ikivimba, mwambie daktari, usiache kimyakimya. Wala usimgawie dada yako vidonge vyako: enalaprili na losartani zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Paulo aliombea wagonjwa wakapona, na bado alitembea na Luka, aliyekuwa tabibu. Imani yake haikupungua.

Meza dawa yako ukishukuru. Watoto wako bado wanakuhitaji, na kanisa pia.

Mbarikiwe.