Chema Chajiuza? Ubora wa Bidhaa katika Karakana za Kamukunji

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli kwa embe au kitambaa, vitu ambavyo jicho na kidole huvipima papo hapo. Hata hivyo, hekima hiyo hukwama ifikapo katika karakana za jua kali za Kamukunji na Shauri Moyo, Nairobi.

Chukulia jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, lililoanza kuenea nchini Kenya mapema katika miaka ya 1980 kwa kurekebisha muundo wa jiko la Thailand. Ubora wake umo katika ule udongo: ulivyochanganywa na ulivyochomwa. Uliochomwa vibaya hupasuka mapema, ila mnunuzi hawezi kulibaini hilo sokoni. Mkazi wa Kaloleni au Makongeni aonapo majiko mawili yanayofanana, huchagua la bei nafuu. Fundi mwaminifu, aliyetumia kuni na muda zaidi, hubaki na lake. Mwishowe naye hulazimika kulipua kazi au kufunga karakana. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel. Mnunuzi asipojua ajuacho muuzaji, kibaya humfukuza chema sokoni.

Je, dola iingilie kati? Wapo watakaodai kwamba Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, lipige marufuku kila chombo kisicho na alama yake. Dai hilo lina walakini. Gharama ya vipimo ambayo kiwanda kikubwa huibeba kwa wepesi humwelemea fundi wa peke yake. Isitoshe, sufuria nyembamba si ulaghai iwapo mnunuzi ajua kuwa ni nyembamba na kuilipia kwa kadiri hiyo.

Nyaya za umeme na mitungi ya gesi ni suala jingine: moto hauulizi nani aliyenunua, na jirani wa ghorofa ya juu huungua vilevile. Hapo marufuku yafaa. Kwa majiko, kinachostahili kudhibitiwa ni usiri, wala si unafuu. Vyama vya mafundi na viipe kila karakana muhuri wake, pamoja na ahadi ya kubadilisha udongo ukipasuka kabla ya muda uliotajwa. Alipuaye kazi hataimudu ahadi hiyo bila kufilisika. Hapo ndipo chema kitakapojiuza.