Siku za Mtumishi na Siku za Afisi

Ndugu zetu watumishi, twaona yafaa kusema neno juu ya barua moja ambayo wengi wetu hapa Kenya, wakiipokea, huikunja na kuitia sandukuni, wakidhani kwamba mambo yamekwisha. Ni ile barua imwarifuyo mtumishi aliyeumia kazini kiasi cha ulemavu wake kwa asilimia, na fedha atakazolipwa. Sisi twasema kwamba hayajaisha.

Tuchukue mfano wa tarishi wa Serikali alipwaye Sh. 20,000 kwa mwezi, naye amevunjika mkono akiwa kazini. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, yahesabu ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96, madhali mipaka iliyowekwa ya juu na ya chini haikuvukwa. Nayo yawahusu watumishi wa Serikali kama iwahusuvyo wengine, isipokuwa majeshi. Daktari akiandika asilimia 10, tarishi huyo hupata Sh. 192,000. Akiandika 20, hupata Sh. 384,000. Basi tofauti hiyo yote imo katika tarakimu moja, iliyoandikwa pengine katika chumba ambacho wagonjwa wengi wangoja mlangoni. Hatusemi kwamba madaktari ni wadanganyifu, la hasha; lakini mkono usioweza kuinua ndoo haujionyeshi upesi kwa mtu atazamaye na kuandika.

Sheria yenyewe imeliona jambo hilo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini amepewa siku 60 kupeleka pingamizi kwa maandishi, akieleza mambo yalivyo na atakalo. Mkurugenzi naye yampasa kujibu kwa maandishi katika siku 14, na kutoa sababu zake. Mtu asiporidhika bado, ana siku 30 tangu kulipokea jibu hilo kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hapa ndipo yalipo manung'uniko yetu. Siku za mtumishi huhesabiwa kwa ukali: akichelewa, huambiwa kwamba muda umepita. Siku za afisi zikipita, nani aiambiaye afisi kwamba imechelewa? Tena angalieni: zile siku 30 za rufani huanza jibu likishapokewa. Jibu lisipokuja, mtu hakushinda wala hakushindwa. Yuko barazani tu, na mkono wake ni ule ule.

Sheria nayo haikuwa na utulivu tangu mwanzo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vyake kadhaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha vilivyo vingi. Na Mahakama ya Juu ikamaliza shauri hilo Desemba 2019. Kwa miaka 10 hata mawakili walibishana mlango ni upi, sembuse tarishi.

Sisi tulio makarani twajua faili ilalavyo. Mara nyingi hailali kwa chuki. Hulala kwa sababu karatasi moja haimo, na hakuna aliyeandika kwamba haimo. Kwa hiyo barua isemayo tu "naomba msaada wenu" huwekwa chini ya nyingine, lakini barua itajayo nambari ya faili, tarehe ya uamuzi, na hati ya daktari wa pili iliyoambatishwa, hiyo yataka kujibiwa. Pelekeni kwa mkono mkiweza, na nakala yenu ipigwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Siku ya 15 ikifika bila jibu, andikeni tena, mkiitaja ile tarehe ya muhuri.

Wako waonao haya kumpinga mwajiri wao, tena wakihofia uhamisho. Hofu hiyo twaielewa, ila hatuwezi kuikubali, kwa kuwa fidia si sadaka, na njia ya kupinga imewekwa na Bunge.

Nasi twaziomba afisi zote zipokeazo mapingamizi ziandike katika kila stakabadhi siku ambayo jibu lapaswa kutoka. Ni mstari mmoja tu, na karani yeyote aweza kuuandika kabla mletaji hajatoka mlangoni.