Dogo kauza mpunga, kanunua maiki!

Wale mliouliza nilipotelea wapi, nilikuwa Ifakara. Sikwenda kula wali, ingawa niliula, tena ule unaonukia hadi kwa jirani. Shemeji yangu alinipigia simu akiwa amefura: "Shemeji, njoo umseme mpwa wako. Kauza magunia mawili ya mpunga bila ruhusa, eti kanunua maiki!"

Huyu dogo ugonjwa wake ni sinema. Na hapo ndipo aibu yangu ilipoanza, maana kaambukizwa na mimi.

Enzi zetu pale Ifakara sinema ilikuwa banda la video: ukuta wa mabanzi, deki moja, jenereta linanguruma nje. Kama huna kiingilio unapiga chabo kwenye tundu mpaka mwenye banda akumwagie maji. Msimu wa mavuno banda linafurika, masika mnabaki watatu na mbu. Na picha lazima iwe na steringi na adui, na steringi hafi. Zikaja kanda za Lufufu, jina lake Derek Mukandala, yule aliyekuwa akitusimulia picha za watu kwa Kiswahili huku akiongeza chumvi yake. Wengine nao wakamfuata. Mbavu hatuna!

Sasa siku moja, katikati ya kanda, mkalimani akanyamaza. Banda zima likageukiana, tukidhani deki imekula mkanda. Kumbe hakukuwa na la kutafsiri. Kwenye kideo ulionekana mkono umeshika kitasa, kisha uso wa mama, kisha mlango umefungwa. Hakuna aliyesema neno, na sote tulijua yule jamaa harudi tena. Nilirudi nyumbani nikiwaza kitu kimoja tu: kuna mtu mahali fulani alikaa akaamua mkono utangulie uso. Angeanza na uso, tusingeshtuka.

Tangu hapo siangalii tena picha kama watu wengine. Mwaka 2003 ilipotoka Girlfriend ya George Tyson, nilishangilia kuona sura za kwetu. Kanumba naye nilimpenda, na alipofariki mwaka 2012 nilishinda bila kula. Lakini tuambizane ukweli, washikaji: picha zetu nyingi watu wamekaa kwenye makochi wanaongea, wanaongea, wanaongea. Anayesikiliza redio hakosi kitu.

Basi nikafika. Shemeji kanuna, dada kimya, dogo kajikunyata pembeni. Nikamwambia leta hiyo picha yako. Akanipa simu, maana ndiyo kamera yake. Dakika tisa.

Picha ni ya bibi yake mzaa baba. Huyu bibi kwa miaka mingi aliuza samaki wa kukaanga pale kivukoni. Waliokuwa wakienda Mahenge au Malinyi walikuwa lazima wasubiri kivuko cha mto Kilombero, na huko kusubiri ndiko kulikomlisha. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja, mita 384, gari linapita vuu! Hakuna anayelilaumu daraja, hasa baada ya kivuko kupinduka mwaka 2016. Ila abiria hasimami tena kununua samaki.

Kasoro zipo. Mwanzoni kaweka dakika nzima ya jua linazama mtoni, kama kalenda ya ukutani. Mwishoni kamwaga muziki wa huzuni utadhani mchuzi. Vyote nikamwambia atoe.

Lakini katikati, usipime. Bibi kakaa peke yake, katupa mgongo, kikaango mbele yake. Mafuta yanachachatika. Kwa mbali unasikia lori linakuja, linapanda darajani, linapita, linapotea. Bibi hainui kichwa. Anageuza samaki. Basi.

"Lori mbona hukulionyesha?" nikamuuliza.

"Anko, ukiliona lori utamwacha bibi."

Nikakosa jibu. Nilikumbuka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, ile iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kwenda kuiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Mle ndani vile vivuli vya Unguja vinasema kuliko midomo. Dogo wa Ifakara kafika njia ile ile kwa simu yenye kioo kilichopasuka! Na ndiyo sababu ya maiki. Maiki ya simu ilikuwa inazoa upepo wa mtoni tu, mafuta hayasikiki, lori halisikiki. Bila sauti hiyo unabaki na mgongo wa ajuza.

Nilipoinua macho, shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui tangu saa ngapi.

"Rudisha pale," akasema.

Dogo akarudisha. Lori likapita tena. Shemeji akaangalia mgongo wa mama yake mpaka mwisho, akajikohoza, akatoka nje. Tukadhani yamekwisha. Dakika mbili baadaye sauti ikatoka uani: "Na magunia yangu?"

Moja nimelipa mimi papo hapo. La pili dogo atalilima mwenyewe, na shemeji kashamwonyesha jaruba. Tukutane wiki ijayo.