Kitendawili Kimeteguliwa, na Mji Hatujatoa



Nasema wazi tangu mwanzo: filamu ya Alien ya mwaka 1979 ni kitendawili kilichotegwa kwa ustadi, na nyingi kati ya zilizoifuata ni kazi za watu wasioweza kukaa na siri. Najua wapo watakaouliza filamu ya kigeni ina uhusiano gani na baraza la washairi. Inao, kwa kuwa maradhi yaliyoidhoofisha ndiyo yanayozidhoofisha tungo zetu.

Tutazame kazi ya kwanza. Watu saba na paka mmoja wamo katika chombo cha Nostromo, mbali na dunia. Mmoja anarudishwa ndani akiwa na kiumbe usoni. Kutokana na hicho anazaliwa dubwana, na watu wanapukutika mmoja baada ya mwingine. Mwongozaji Ridley Scott hakutwambia dubwana lile lilitoka wapi. Aliyelivaa umbo lake alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwembamba mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, na katika filamu nzima twaliona kwa dakika chache tu. Sisi wa Katindiuka, majirani wa mto Kilombero, twaijua hekima hiyo. Mamba anayeota jua mchangani hutazamwa hata na watoto. Anayemtia hofu mpiga kasia ni yule aliye chini ya maji.

Mwaka 1986 James Cameron alileta mwendelezo, Aliens, nami nampa haki yake. Alibadili mengi: akaleta askari na vita, akamkutanisha Ripley, mlezi wa yatima Newt, na mama wa madubwana. Hofu ya asili haikupotea. Ndivyo ulivyo utenzi: mishororo mitatu ya kwanza hubadili kina kila ubeti, bali wa nne hubeba kina kimoja tangu dua hadi tamati.

Kisha yakaja maporomoko. Mwaka 1992, katika Alien 3, Newt na askari Hicks, tuliowahangaikia kwa zaidi ya saa mbili, waliuawa kabla hadithi haijashika njia. Ripley naye akajitosa tanuruni. Hicho kilikuwa kituo, tena kituo chenye heshima. Lakini mwaka 1997 akafufuliwa maabara kutokana na damu yake, kwa kuwa soko halikukiridhia kituo.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Scott mwenyewe alirudi na Prometheus mwaka 2012, na Alien: Covenant mwaka 2017, akatueleza tusiyomwuliza: kumbe dubwana ni matokeo ya majaribio ya roboti aitwaye David! Kitendawili kikateguliwa, na mji hatujatoa. Mwaka 2024 ikaja Romulus, ikamrejesha kwa kompyuta sura ya Ian Holm, aliyefariki mwaka 2020, na kuyatia maneno ya Ripley ya mwaka 1986 kinywani mwa mwingine. Huko si kuenzi. Ni kuokota vina vya wenzio na kuviita utunzi.

Wapo wasemao mtazamaji ana haki ya kujua. Nawajibu: haki yake ya kwanza ni kuaminiwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Anayefumba kisha akafumbua papo hapo amewahesabu wasikilizaji wake wote kuwa wajinga.

Wala tusiwacheke wageni. Filamu zetu za Kiswahili zilizoea kukata kisa kimoja vipande viwili ili kiuzwe mara mbili. Na sisi washairi je? Shairi limekamilika ubeti wa tano, tunalikokota hadi wa kumi na mbili kwa maneno ya kujazia mizani. Twatunga fumbo zuri, kisha chini yake twaandika aya nzima ya maelezo, tukihofu kwamba halitaeleweka. Hiyo ndiyo Prometheus yetu, na kila mmoja wetu anayo yake.

Basi nawasihi: anayetaka kuendeleza kazi iliyopendwa, yake au ya mwenziwe, kwanza akitambue kina cha mshororo wa nne. Asipokiona, aiache kazi ilipotua. Na aliyetega fumbo, akae kimya, asubiri mji.