Rangi ya Nywele ni Elimu, Tena ni Amana



Himda zote anastahiki Allaah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu wasomaji, kila Idd inapokaribia kuna swali hurudi madrasa bila kukosa: "Ustadh, kupaka rangi nywele yafaa?" Ni swali zuri na tutaligusa. Lakini kuna swali la pili ambalo siulizwi na yeyote, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: huyo anayekupaka rangi, amesomea?

Hapa Kigali, ukitembea Nyamirambo na Biryogo, saluni zimepangana mlango kwa mlango. Mabinti zetu wengi wanapata humo riziki ya halali, wanawasaidia wazazi na kuwalipia wadogo zao ada ya shule. Sina neno baya juu ya kazi hiyo. Neno langu ni kwamba kazi ya rangi tumeichukulia kama kusuka, kwamba ukimtazama dada yako siku tatu nawe umeshajua. Sivyo. Mkia wa kusuka ukikosewa unafumuliwa, ukaanza upya. Rangi ikikosewa inaunguza ngozi, inakata nywele, na mara nyingine inampeleka mtu hospitali.

HUKUMU KWA UFUPI

Kubadilisha rangi ya mvi kumethibiti katika dini yetu. Siku ya Fat-hi Makka, mwaka wa 8 Hijria, Abu Quhafa, baba yake Abubakar (r.a.), aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) hali kichwa na ndevu zake zimekuwa nyeupe kabisa. Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe, na nyeusi iepukwe. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim.

Kuhusu nyeusi wanavyuoni wametofautiana. Imam an-Nawawi, katika madhhab ya Shafi'i ambayo wengi wetu tunaifuata, ameona ni haramu. Wengine wengi wamesema ni makuruhu, na wako walioruhusu. Mimi nawanasihi watu wangu waiache, watoke kwenye khitilafu.

Ama udhu na josho, rangi iliyoingia ndani ya unywele haizuii maji. Kinachozuia ni kitu chenye tabaka, kama gundi au nta ya rangi inayokaa juu ya unywele. Hicho hutolewa kwanza. Na mwanamke atengenezwe nywele na mwanamke mwenzake, mahali penye sitara. Hapo hukumu imekwisha. Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

HINA HAIWI NYEUSI

Wazazi wangu, shikeni neno hili moja, hata mkisahau mengine yote: hina safi haitoi rangi nyeusi. Jani la mhina hutoa rangi ya chungwa, ikikolea ikawa nyekundu ya kahawia. Ukiona unga umeandikwa "hina nyeusi", au piko inayokolea kwa nusu saa, ujue kuna kitu kimetiwa humo. Mara nyingi kitu hicho ni parafenilinidaiamini, ambayo kwa kifupi huitwa PPD.

PPD ni kemikali ya rangi za kudumu. Jamii hii ya rangi za viwandani ilianza mwaka 1856, pale kijana wa Kiingereza aitwaye William Henry Perkin alipokuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata rangi ya zambarau badala yake. Mwaka 1907 Mfaransa Eugène Schueller akatengeneza rangi ya nywele ya viwandani mjini Paris. Tangu hapo rangi nyingi za kudumu zilizokoza zimetegemea PPD au ndugu zake.

Ikitumiwa kwa kipimo, juu ya nywele, na mtu asiye na mzio, watu wengi hawapati madhara. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: ikishachanganywa tayari kupakwa isizidi asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi kama pambo hairuhusiwi. Lakini unga unaouzwa kwa kijiko kwenye karatasi, bila jina wala kipimo, nani atakuambia una asilimia ngapi? Ngozi inaweza kuvimba, kutoa malengelenge na kuacha kovu. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, huikataa kwa kawaida maisha yote. Binti aliyepakwa piko mkononi kwenye harusi akiwa na miaka 10, anaweza kuvimba uso akiwa na miaka 25 kwa rangi ya kawaida ya saluni.

Na ikinywewa ni sumu kali. Madaktari wa Sudan wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya wagonjwa waliofikishwa hospitali za Khartoum baada ya kumeza rangi hii, ambayo kule huchanganywa na hina: shingo na ulimi vinavimba mpaka pumzi inaziba, kisha figo zinakufa. Basi unga huo uliofungwa kwenye karatasi juu ya kabati, nyumba yenye watoto, ni wa kutolewa leo.

Vinyozi nao wasidhani hawamo. Wazee wetu wanaopakwa ndevu nyeusi siku ya kuamkia Idd wanapakwa kitu hicho hicho. Sisemi kwamba hii ndiyo sababu ya Mtume (s.a.w.) kuagiza nyeusi iepukwe, hatumzulii Mtume sababu asiyoitaja. Nasema tu kwamba aliyeiacha nyeusi kwa ajili ya dini yake, ameepuka pia rangi ambayo kwa kawaida hutiwa PPD nyingi kuliko zote.

KUTOA RANGI NI KAZI NGUMU KULIKO KUTIA

Siku hizi vijana wanataka nywele za dhahabu. Kuna hukumu ya kujifananisha na wasiokuwa Waislamu, na kuna suala la mke na mumewe ndani ya nyumba yao. Hayo nayaweka kando. Nataka mzazi ajue nini kinatokea kichwani.

Unywele una ganda la nje lililopangana kama vigae vya paa, na ndani yake kuna kiini chenye rangi ya asili. Amonia huinua vigae hivyo, na peroksaidi huingia ndani kuivunja rangi. Peroksaidi ina nguvu tofauti: chupa ya 10 ni asilimia 3, ya 20 ni asilimia 6, ya 30 ni asilimia 9, na ya 40 ni asilimia 12. Fundi aliyesoma anajua kwamba kufunika mvi kunatosha kwa ya 20, na kwamba ya 40 haigusi ngozi ya kichwa. Asiyesoma husema, "tia kali ikamilike haraka." Haraka haraka haina baraka, na hapa haina hata nywele.

Nywele nyeusi hazirukii dhahabu moja kwa moja. Hupita kahawia, nyekundu, chungwa, njano, ndipo njano hafifu. Ndiyo maana wengi hutoka saluni na kichwa cha chungwa wakidhani wamedanganywa. Fundi anajua dawa yake: chungwa hutulizwa na rangi ya buluu, njano hutulizwa na zambarau. Anajua pia kwamba rangi haiondoi rangi. Nywele zilizokwisha pakwa rangi nyeusi ya dukani hazigeuki kahawia kwa kupakwa kahawia juu yake. Anajua kuanzia katikati ya nywele na kumalizia mashinani, kwa sababu joto la kichwa huharakisha kazi, na mashina yangetangulia kung'aa kuliko ncha. Na kama mteja anataka michirizi tu, hutumia foili, au hupaka kwa brashi juu juu mbali na ngozi, ufundi ambao Wafaransa huuita balayage. Huo una hatari ndogo kwa kichwa kuliko kuloweka kichwa kizima.

Halafu kuna hili linalotuhusu sisi zaidi. Nywele zetu za kipilipili zina mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Nyingi zimekwisha tiwa dawa ya kulainisha, ambayo nayo ni kemikali kali. Dawa ya kulainisha na dawa ya kutoa rangi, kichwa kimoja siku moja, ni kuzitafutia nywele msiba. Tena baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la hina una chumvi za madini. Zikikutana na peroksaidi kichwa hupata joto, hutoa moshi, na nywele hukatika. Fundi mwenye elimu hukata kinyweleo kidogo akakijaribu pembeni kwanza. Dakika hizo chache zinaokoa mwaka mzima wa kungoja, maana unywele hukua karibu sentimita moja tu kwa mwezi.

MDHAMINI NI NANI?

Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mwenye kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, akileta madhara, yeye ni mdhamini wa madhara hayo. Mafakihi wamejenga juu ya hili mlango mzima wa dhamana. Mimi naona msusi anayeshika kemikali juu ya kichwa cha mtu anaingia katika maana hiyo. Aliyesoma, akapima, akafuata njia, kisha likatokea asiloliweza, ana udhuru. Asiyesoma akajaribia kwenye kichwa cha mja wa Allaah, atajibu nini? Hata kama mteja amesamehe kwa aibu, haki ipo shingoni.

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alivimba macho yote mawili siku mbili kabla ya Idd iliyopita miaka kadhaa nyuma. Yule binti aliyempaka alilia kuliko mgonjwa. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba rangi hujaribiwa nyuma ya sikio saa 48 kabla, na kila mara, hata kwa mteja wa zamani.

Tena wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini anaweza kujidhuru. Unga wa kutoa rangi una pasalfeti, nayo inajulikana kusababisha pumu kwa wasusi. Mikono isiyo na glavu hupasuka na kuwasha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya ususi na unyozi katika kundi la kazi ambazo huenda zikasababisha saratani, huku likisema ushahidi kwa mpakwaji wa kawaida hautoshi kumtia katika kundi hilo. Kwa hiyo anayehitaji hadhari kuliko wote ni binti yetu mwenyewe, anayevuta hewa hiyo kutwa nzima.

WATASEMA

Wako watakaosema: "Ustadh, chuo ni ghali, na simu ina kila kitu." Simu inaonyesha kichwa kilichofaulu, haikuonyeshi kilichoungua. Na ada ya chuo, ukiigawa kwa miaka atakayofanya kazi, ni ndogo kuliko mteja mmoja aliyeharibiwa. Mbona mtoto akitaka udereva hatumpi gari kwa kutazama video?

Wengine watasema: "Kwa nini mwalimu wa madrasa ahangaike na saluni, si awakataze tu?" Nikikataza, wataacha? Watafanya kwa kificho, na kificho ndiko kunakoua. Halafu, dada zetu wakikosa fundi mwanamke mwenye elimu na chumba cha sitara, watakwenda kwa nani? Umma unaohitaji daktari wa kike kwa wanawake unahitaji pia msusi wa kike aliyesoma.

Mwaka 2018 serikali hapa Rwanda ilisaka madukani vipodozi vya kujichubua vyenye haidrokwinoni na zebaki, na sisi masheikh na walimu tuliunga mkono. Kwa ngozi tumesema. Kwa nywele tumenyamaza.

NASAHA ZANGU

Kwanza, mzazi mwenye binti anayependa kazi hii amtafutie chuo cha ufundi au fundi mkubwa, akae chini yake mpaka aruhusiwe kushika rangi.

Pili, tusinunue unga usio na jina. Kopo liwe na orodha ya vilivyomo na tarehe.

Tatu, watoto wasipakwe piko. Hina safi inawatosha, na ni nzuri.

Nne, mwenye saluni aweke dirisha wazi, glavu na maji ya kutosha, na awe na ulimi wa kusema "hapana" kwa mteja anayedai kisichowezekana kwa siku moja.

Tano, kamati za wanawake misikitini ziite fundi mwenye ujuzi atoe somo, walau mara moja kabla ya kila Idd. Somo la saa mbili lingeokoa macho mangapi!

Sita, mtu akivimba uso au kukosa pumzi baada ya rangi, aoshwe kwa maji mengi na akimbizwe hospitali, na hilo kopo lipelekwe pamoja naye. Asingojee kesho, na asiogeshwe dawa za kubahatisha.

Mabinti zangu mnaosoma haya, kichwa cha Muislamu mwenzako kina hishima. Anapokaa kwenye kiti chako na kufumba macho, amekuamini. Someni kwanza, kisha mfanye kazi yenu kwa ihsani, na Allaah atawabarikia mikono yenu.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.