Neno la Mhariri: Mkonge Si Kamba Tu

Ukisimama kando ya korona, mashine ya kuchakata majani, katika shamba la mkonge, masikio huchoka kabla ya macho. Majani yanaingia upande mmoja, yanapondwa na kuparuliwa, na upande wa pili unatoka uzi mrefu uliolowa, wa kwenda kuanikwa juani kwenye nyaya. Chini, mfereji unabeba maji ya kijani na makapi. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi kavu ni kilo 4 hivi. Kilichobaki, ambacho sehemu kubwa ni maji, huishia mferejini.

Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, na baada ya mashamba kutaifishwa, uendeshaji nao ukalegalega. Kufikia mwaka 2000, uzalishaji ulikuwa umebaki kama sehemu moja ya kumi. Uzi wenyewe haukupungua nguvu. Aliyepotea ni mnunuzi wa kamba, nasi hatukuwa na kingine cha kumuuzia mtu mwingine.

Hoja ya toleo hili ni kwamba kosa letu halikuwa kutegemea mkonge, bali kudhani kuwa mkonge ni kamba. Uzi wa katani umejengwa kama nyumba ya udongo. Fito zake ni selulosi, ile minyororo mirefu ya sukari ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitambua mwaka 1838. Udongo unaozishika ni lignini na wenzake. Kwa miaka 130 tumeuza nyumba nzima kwa bei ya kamba. Soko jipya linataka fito.

Na zinafanyiwa mengi. Mwaka 2008, huko Ureno, Elvira Fortunato na wenzake walitengeneza transista ambayo karatasi yenyewe, nayo ni selulosi, ndiyo kihami chake. Mwaka 2019, Wajapani walionyesha mjini Tokyo gari ambalo sehemu za bodi yake ni plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za selulosi, nyembamba kiasi cha kupimwa kwa nanomita. Karibu zaidi na nyumbani, Mkenya Alex Odundo, mtengenezaji wa mashine za mkonge, alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2023 walichapisha njia ya kuondoa lignini na kuupata uzi laini wa kutengenezea taulo za kike, unaofyonza kuliko pamba ya taulo za dukani. Njia hiyo haidai kiwanda kikubwa.

Hatuwauzii wasomaji ndoto. Selulosi hupenda maji kupita kiasi. Nanoselulosi, yaani zile nyuzi za kupimwa kwa nanomita, hutoka mtamboni kama uji mwepesi, na ukiukausha ovyo nyuzi zinagandana, kazi yote inapotea. Kusafirisha uji huo ni kulipia nauli ya maji. Kuukausha kunakula nishati. Lakini ugumu huo ndio unaotupa nafasi: kazi hii hufaa kufanyika karibu na shamba, na nishati nayo imo palepale. Kule Hale, mkoani Tanga, makapi ya mkonge yamekwisha kuzalisha gesi na umeme.

Kwa hiyo tunachokidai si ekari zaidi peke yake. Tunataka mkemia ajulikane shambani kama fundi wa korona anavyojulikana, na mkulima mdogo alipwe kwa jani zima badala ya kulipwa kwa uzi pekee. Zile kilo 4 tumekwisha kuziandikia sana. Makala za toleo hili zinaanzia mferejini.