Gobore la babu: Majuu raha, Bongo balaa

Wiki hii tuyaache kidogo mambo ya disko na mapenzi, tuongelee bunduki. Usikimbie, sio zile za majambazi.

Kuna kijana mmoja wa Temeke kaniletea ujumbe. Babu yake kafariki, na walipopanda darini kushusha vitu wakakuta gobore, kitako kimeliwa na mchwa, mtutu umeota kutu. Jamaa kaona kwenye video wazungu wakisafisha bunduki kama hizo na kuzilipua uwanjani huku wakicheka, roho ikamtoka. Anauliza: "Kaka, nikilipiga msasa na kulitia mafuta, si naweza kupiga moja hewani mkesha wa mwaka mpya?"

Jibu fupi: usithubutu, mdogo wangu. Jibu refu ndiyo safu ya leo, maana swali lako si la kijinga hata kidogo. Hao wazungu wana starehe yao ya kweli, na ukiijua inavyokwenda, utaelewa mwenyewe kwa nini la kwako linyamaze.

Tuanze na mashine yenyewe. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni. Unamimina baruti nyeusi, unatia risasi, unasukuma kwa mdeki mpaka chini. Moto unaingia kwa cheche za gumegume, au kwa fataki inayogongwa juu yake. Baruti yenyewe ni shura, mkaa na kiberiti, ujuzi wa Wachina wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Askari aliyefundishwa vizuri alikuwa anapiga mara tatu kwa dakika, basi. Ilipofika miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yakaanza kuchukua bunduki za kujazwa kwa nyuma, na zile kuukuu zikakosa kazi.

Unadhani zilitupwa? Thubutu! Nyingi zilipakiwa melini zikaja Zanzibar, na kutoka pale zikapanda bara na misafara ya pembe za ndovu. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, aliwatetemesha watu kwa rugaruga wake wenye bunduki za namna hii. Halafu mwaka 1890 wakubwa wakakaa Brussels wakaandikiana mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, ndani yake wakabana na biashara ya silaha. Bunduki za kisasa zikafungiwa, lakini za gumegume na baruti ya kawaida zikaachiwa mlango, kwa masharti. Yaani mzungu abaki na ya kisasa, babu abaki na ya kushindilia. Kwa hiyo gobore kuwa silaha ya mtu wa kijijini hakukuja kwa bahati mbaya.

Haya, twende majuu. Kule Marekani chama chao cha bunduki za kushindilia kilianzishwa mwaka 1933, na uwanja wake uko kwenye kijiji kinaitwa Friendship, jimbo la Indiana. Mahitaji yalipokua, Waitaliano wakaona mshiko. Pale Gardone Val Trompia, bonde la mafundi bunduki tangu enzi na enzi, kampuni ya Pedersoli ilianza mwaka 1957 na Uberti mwaka 1959. Hawa wanatengeneza bunduki mpya zenye sura ya zamani. Ila chuma ni cha leo, na kila mtutu lazima upimwe kwanza kwa mlipuko mkubwa kuliko wa kawaida, ndipo ugongwe muhuri na kuuzwa. Zingatia hilo, nitalirudia.

Mimi niliwahi kupelekwa na mwenyeji wangu kwenye viwanja vya Bisley, kusini mwa Uingereza. Nilitegemea kukuta masela wenye misuli na miwani myeusi. Nikakuta wazee! Mmoja fundi bomba mstaafu, mwingine mwalimu. Yule fundi bomba alikuwa na bunduki ya karne ya 19 aliyoifufua mwenyewe, na kazi hiyo ilimla miaka miwili. Nikamuuliza, miaka miwili unafanya nini? Akasema muda mwingi alikuwa anajizuia asifanye kitu. Kutu ya juu unaitoa polepole kwa mafuta na nyuzi laini za chuma. Msasa ni mwiko, kwa sababu unafuta alama za fundi wa kwanza, na bunduki isiyo na alama ni kama mtu asiye na ukoo. Na kabla ya kuipiga, aliipeleka kwa mtaalamu ikapimwa mtutu wote.

Zamu yake ilipofika, nilijua nitaona vumbi linatimka. Wapi! Mzee akapima baruti taratibu, akashindilia, akavuta pumzi, kisha puuu! Wingu jeupe likatumeza wote, na harufu kama ya yai viza. Tukangoja moshi upite ndiyo tuone shabaha. Mashindano yao ya kimataifa yako hivyo hivyo: risasi 13 ndani ya dakika 30, na 10 zilizo bora ndizo zinahesabiwa. Hakuna cha kukimbizana.

Jioni wenzetu wengine wangeenda kunywa. Yeye akaomba maji ya moto na sabuni, akaanza kuosha bunduki kama mama anavyoogesha mtoto mchanga. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, ukilala bila kuosha, kutu inaanza. Nikasema moyoni, kumbe hii si starehe ya kupiga, ni starehe ya kutunza. Kupiga ni dakika, kuosha ni saa zima. Kijana anayependa mlipuko tu hatadumu nayo mwezi.

Na sheria? Marekani sheria yao ya mwaka 1968 inaziweka kando bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na nyingi za kushindilia zinazoiga za zamani. Uingereza ukitaka kuipiga lazima uwe na cheti cha polisi, na baruti nayo ina cheti chake. Kwa hiyo hata huko mtu haamki tu akaanza kufyatua.

Sasa turudi darini kwako, Temeke. Kwanza, mtutu wa babu haujapimwa na mtu. Kutu unayoiona nje ni salamu tu, ya ndani ndiyo yenye nyumba. Na magobore mengi ya huku yaliundwa na mafundi wa vijijini, mengine kwa bomba la maji. Likipasuka, linapasukia usoni na kwenye vidole vyako.

Pili, wazee wengi walikuwa wanatundika bunduki ikiwa imeshindiliwa tayari, kwa ajili ya nguruwe na fisi wa usiku. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki haraka. Yule mzee wa Bisley aliniambia sheria yake ya kwanza: bunduki yoyote ya urithi ina risasi ndani mpaka mjuzi athibitishe kwamba haina. Kwa hiyo usichokoe, usigonge, usiliweke karibu na moto.

Tatu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015 haijali kwamba ni la urithi. Silaha bila leseni ni kesi. Sasa hapo ndipo vijana wanachanganyikiwa, wanalitupa mtoni usiku au wanamuuzia mtu wa vyuma chakavu kwa kilo. Na wewe usije ukalifunga kwenye kanga ukapanda nalo daladala kwenda kituoni! Liache lilipo, mtoto asilisogelee, nenda na mjomba au baba mdogo kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi mkiwa mikono mitupu, mseme mmekuta nini. Waje walichukue wenyewe. Uliza pia kama linaweza kufika makumbusho, maana Kalenga kule Iringa na Songea kwa Majimaji kuna kumbukumbu za wazee waliopambana na Wajerumani, na silaha bila maelezo haina faida kwa mtu.

Maelezo hayo ndiyo kazi yako, mdogo wangu. Yule mzungu alitumia miaka miwili kutafuta alama za mtu asiyemjua. Wewe wa kwako unamjua kwa jina. Babu alilipata wapi? Alilinunua, alirithi, au alitengenezewa? Liliua nini, na mwaka wa njaa lililisha watu wangapi? Umesema bibi bado yupo. Basi nunua daftari, nenda kamkalie chini Jumapili hii, uandike mpaka achoke. Chuma polisi watakichukua. Hayo mengine yakiondoka na bibi, hakuna fundi wa Bisley wala wa Gardone atakayeyafufua.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.